UZI: Gombe kwa miguu kutoka Kibirizi – boti, mwinuko, maporomoko ya Kakombe na vinavyoharibu safari

Mwambao29 (mleta uzi)

Wadau wa Kigoma na wageni wetu, habari za saa hizi. Kila likizo ikikaribia maswali ya Gombe, hifadhi yetu ya taifa ya sokwe, ni yale yale: boti zinapatikana wapi, mlima ni mkali kiasi gani, sokwe nitawaona? Tuweke majibu hapa, na kila mwenye ujuzi aongeze chake.

Nianze na hili. Kinachowatesa watu Gombe si umbali. Hifadhi yenyewe haizidi kilomita za mraba 60, kipande chembamba kilichobanwa kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Kinachowatesa ni mwinuko na ratiba ya boti. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya mashariki ya hifadhi vinapita mita 1,500. Kupanda kote huko kumebanwa ndani ya kilomita tatu hivi, kwa hiyo mtu aliyezoea kutembea kilomita kumi tambarare anashangaa kuhema baada ya nusu saa.

Barabara ya gari haifiki. Unakwenda kwa maji tu, kama kilomita 16 kaskazini ya Kigoma mjini, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni boti za abiria za Kibirizi, kituo cha boti jirani na mjini, zile zinazobeba watu, magunia na masanduku ya soda kwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo. Zinaondoka mchana, kati ya saa 6 na saa 8, zikishajaa. Jumapili usizitegemee. Mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Kasekela, kituo cha hifadhi pale ufukweni. Safari ni saa mbili hadi tatu kutegemea mzigo na vituo.

Ya pili ni kukodi boti. Utatumia saa moja na nusu hadi mbili, unaondoka alfajiri na kurudi jioni ile ile.

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapokatika. Boti za abiria zinarudi Kigoma asubuhi mapema na kupita Gombe kabla watu hawajanywa chai. Ukifika kwa boti ya abiria Jumatatu jioni, Jumanne ndiyo siku yako ya msituni, na boti ya kukurudisha ni ya Jumatano asubuhi. Ni usiku mbili, si mmoja. Anayepanga usiku mmoja kwa boti ya abiria anaishia kuona ufukwe na nyani.

Malipo ya hifadhi: pesa taslimu mkononi hazipokelewi. Unapewa kumbukumbu namba na kulipa kwa simu au benki. Maliza jambo hilo ukiwa Kigoma mjini ambako mtandao ni wa uhakika. Viwango vina makundi (Watanzania na Afrika Mashariki, wageni wakaazi, wageni wa nje), na kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo saa unayoingia ina maana. Bei zenyewe waulize TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) wiki ya safari, msitegemee picha za risiti za miaka iliyopita zinazozunguka mitandaoni.

Karibuni.

FundiPlagi

Mleta uzi umeanza vizuri. Niongeze upande wa boti za kukodi, maana watu wanaangalia rangi ya boti badala ya mashine.

Kabla hujatoa hata shilingi, kagua haya: jaketi za kujiokolea ziwe sawa na idadi ya watu na mikanda yake ifunge, kuwe na plagi za akiba na spana yake, pini ya pangaboi ya akiba, kasia mbili, na ndoo ya kuchotea maji. Mashine nyingi pale ni za petroli ya kuchanganya na oili. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinakula mililita 400 za oili. Oili ikizidi, plagi zinaziba na mashine inakohoa katikati ya ziwa. Ikipungua, unapika pistoni. Acha kijana achanganye mbele ya macho yako, wala si dharau.

Mafuta ya kwenda na kurudi yawe ndani ya boti tangu Kibirizi, na juu yake theluthi ya akiba. Sababu ni hii: kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini una nguvu. Kwenda Gombe unakusukuma kutoka nyuma, unaona safari nyepesi. Kurudi unakula mawimbi usoni, muda unaongezeka na mafuta yanaongezeka. Anayepima mafuta kwa safari ya kwenda anakwama kwenye safari ya kurudi.

Mabegi yafungwe ndani ya mfuko wa turubai usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, msije nayo.

Dada_Ujiji

Nakazia la jaketi. Mkivaa viatu vya kamba kwenye boti, legezeni kamba. Buti iliyofungwa ikijaa maji inakuvuta chini.

Swali langu: mtu asiye mwanamichezo, miaka 50 na kitu, anaweza nini pale? Au abaki ufukweni?

Kasulu_Juu

Dada, anaweza, ila achague bonde badala ya kilele.

Njia nyepesi ni ya maporomoko ya Kakombe. Unaanzia Kasekela na kufuata bonde la mto chini ya miti mikubwa, kuna kivuli karibu njia nzima. Maporomoko yana kimo cha mita 25 hivi, yanashuka kwenye mwamba wima wenye mizizi inayoning'inia, na chini pana ubaridi hata mwezi wa tisa. Mtu wa miaka 50 akienda polepole anafika bila shida. Mahali hapo pana historia yake pia: watafiti wamerekodi sokwe dume wakifanya mbwembwe mbele ya maji yale, wakiyumba, wakirusha mawe na kuning'inia kwenye kamba za miti.

Njia ya pili inapanda mgongo wa mlima hadi sehemu inayoitwa Jane's Peak, ambapo Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alikuwa akikaa na darubini baada ya kuingia Gombe 14 Julai 1960. Huo ni mwinuko wa kweli. Nyasi, jua, mawe yanayoteleza, kivuli kidogo. Kwa kukadiria, mpe mtu wa kawaida saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, ukiacha mapumziko, na kwa aliyekaa ofisini muda mrefu ongeza nusu yake.

Njia ya tatu haina jina wala urefu: kuwafuata sokwe. Hapo mwenye kupanga njia ni sokwe. Wakiwa bondeni umebahatika, wakiwa juu utapanda, na wakihamia bonde la pili utashuka kwa makalio ukishika mizizi.

Kutembea ufukweni hakuhitaji muongozaji. Ukiingia msituni muongozaji ni lazima, na analipwa kwa kundi, si kwa kichwa.

Nyuzi29

Jambo ambalo watu wa Dar na Tanga wanalikosea kila mara ni saa. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki. Kigoma iko karibu nyuzi 29 na nusu. Jua la utosini kwetu linafika karibu na saa 7 mchana, si saa 6. Linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Na Gombe mlima uko mashariki, kwa hiyo ufukwe unakaa kivulini muda mrefu baada ya jua kuchomoza.

Faida yake: asubuhi ya baridi ni ndefu. Ukianza kupanda saa 1 na nusu una saa tatu au nne nzuri. Hasara yake: joto kali linakuja saa 8 hadi saa 10 alasiri, wakati mgeni anadhani jua limeshapoa. Anayesema "nipumzike kwanza, nipande alasiri" anapanda ndani ya tanuri.

Bi_Mchikichi

Viatu sasa. Raba mtoni yenye soli laini haifai, yeboyebo ndiyo usiseme. Kiangazi majani makavu yanalala juu ya udongo mgumu wa mteremko, na ukikanyaga yanateleza mguu ukaenda bila wewe. Masika ni tope. Kote mnahitaji soli yenye meno marefu na kisigino kinachokamata wakati wa kushuka. Wengi huanguka wakati wa kushuka, kwa sababu mapaja yamechoka na macho yanatafuta picha. Fimbo moja inayofika kiwiko inasaidia kuliko mbili, mkono wa pili mnauhitaji kwa mizizi.

Suruali ndefu, ncha ndani ya soksi. Sababu ni siafu na kupe. Ukiona mstari mweusi unakatiza njia, vuka kwa hatua ndefu, usisimame kuupiga picha. Wakishapanda wanauma kwa pamoja, na hapo utavua suruali mbele ya watu.

Kuna pia upupu, hasa kiangazi maganda yakikauka. Usishike chochote chenye manyoya ya dhahabu. Ukiguswa, usisugue! Kusugua kunavisukuma vinyweleo ndani. Bandika gundi-tepu na kubandua mara kadhaa, vua nguo ile, kisha ndipo uoge kwa sabuni.

Maji ni lita tatu kwa mtu kwa siku ya kupanda, mbili kwa bondeni tu. Maji ya mto yanaonekana safi kama machozi, lakini nyani wako juu yako wanaoga na kujisaidia humo. Yachemshe mpaka yatokote kabisa. Kidonge cha WaterGuard ni cha lita 20 na unasubiri nusu saa, kwa hiyo ni cha ndoo ya kambini, si cha chupa mfukoni.

Mgeni_Tbr

Nauliza kuhusu msimu. Kila mtu anasema nenda Julai. Kweli?

Kasulu_Juu

Nusu kweli, ndugu. Julai hadi Oktoba njia ni kavu na picha zinatoka safi, lakini sokwe wanatembea mbali kutafuta chakula, kwa hiyo unaweza kuwafuata kutwa. Mvua zikiwapo, Februari hadi Juni na pia Novemba hadi katikati ya Desemba, hawaendi mbali, mara nyingi ni rahisi kuwapata, ila utalipa kwa matope. Mvua za kwanza zina raha yake nyingine: kumbikumbi wanajiandaa kuruka, na sokwe wanakaa kwenye vichuguu kuvua mchwa kwa vijiti. Ndicho alichokiona Goodall mwaka 1960 na kubadilisha mawazo ya wanasayansi kuhusu nani anayetengeneza zana.

Mwambao29

Mimi bado nasema Julai kwa anayekuja mara ya kwanza na familia. Mtu akianguka kwenye tope siku ya kwanza, siku ya pili anabaki chumbani.

Bi_Mchikichi

Familia? Hapo tahadhari. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Msije kubishana getini. Mwaka 2002 sokwe dume aitwaye Frodo alimuua mtoto mdogo huko huko Gombe. Sokwe anawinda mbega wekundu, na mtoto mdogo machoni pake ni windo. Watoto wakae na mtu mzima ufukweni au mpange zamu.

ZamuYaUsiku

Niingie kwa upande wa afya maana naona mmegusa nusu.

Mafua yako ni hatari kwa sokwe kuliko sokwe alivyo hatari kwako. Wanashika magonjwa yetu ya njia ya hewa moja kwa moja. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe na kuwaacha wengine wamepooza. Ndiyo maana ukiwa na kikohozi, homa au kuharisha huendi, hata kama umelipa. Sema ukweli kwa muongozaji kabla ya kuondoka, siyo ukiwa juu.

Masharti mbele yao: umbali usiopungua mita 10, kundi lisizidi watu sita, muda usizidi saa moja. Vaa barakoa. Usile, usiteme mate, usitumie mwanga wa kamera. Akisogea yeye, rudi pembeni taratibu umwachie njia. Dume akianza vurugu, nywele zimesimama na anaburuta matawi, usikimbie: shika mti na utulie. Na usisimame upande wa chini wa mteremko, kwa sababu mawe yanayosukumwa yanashuka kwako.

Kuogelea: maji ya Kasekela yanavutia, lakini kichocho kipo. Nyani wa Gombe wenyewe wamechunguzwa na kukutwa nacho. Mtu aliyeogelea apime choo wiki sita hadi nane baadaye, kabla ya hapo vipimo vinaweza kudanganya. Dawa ni praziquantel na kipimo chake kinategemea uzito. Ziwa pia lina swila wa majini anayekula samaki. Hana ugomvi na mtu, ila usiingize mkono kwenye nyufa za mawe.

Ukiumwa na nyoka msituni: usichanje, usifunge kamba ya kukaza, usinyonye. Funga mguu kwenye kijiti usikunjike, mtu abebwe, boti iondoke. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na boti yenye mafuta.

Malaria mnaijua. Chandarua na kinga, basi.

Dada_Ujiji

Nyani mmewasahau. Hao ndio wanaoharibu safari kuliko sokwe wote.

Wanajua zipu, wanajua komeo la mlango lisilofungwa vizuri, wanajua mfuko wenye ndizi. Chakula hakiliwi ufukweni. Mnapika na kula ndani ya wavu. Kopo la karanga, mkate, mayai ya kuchemsha na dagaa wakavu vyote vikae kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, ndani ya chumba. Akishika begi lako, liachie. Ukivutana naye anaonyesha meno, na meno yale ni marefu kuliko ya chui. Usimkazie macho.

Na kwa waliozoea kununua dagaa wabichi Kibirizi njiani: ulizeni kwanza kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hata ziwa likiwa wazi, siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo soko linapooza. Usiku wa giza ndio utaona taa za wavuvi zimejaa ziwani ukiwa umekaa ufukweni Kasekela.

MtoNaMiombo

Sisi wa Tabora tunasoma tu. Kwa wasiotaka milima, kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ilipandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka pori la akiba. Ni kinyume cha Gombe kwa kila kitu: tambarare, miombo, mto mpana unaopungua kiangazi mpaka unabaki mabwawa mabwawa. Agosti hadi Oktoba viboko na mamba wanabanana kwenye mabwawa hayo, na ndege wanajaa. Masika magari yanazama, usijaribu.

Lakini msilinganishe utembeaji. Gombe hakuna simba wala tembo, muongozaji anakwenda na redio. Ugalla unatembea nyuma ya askari mwenye bunduki, kwa mstari mmoja, bila kuongea. Njia pana iliyolainika inayoshuka mtoni ni ya kiboko: usiweke hema juu yake, na jioni usiwe kati yake na maji. Ukichota maji, usirudi mahali pale pale kila siku, mamba anahesabu.

Halafu mbung'o. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda bluu iliyokolea na nyeusi. Vaa kaki au kijani hafifu, kitambaa kizito, kwa sababu wanatoboa shati jepesi. Dawa za mbu haziwasumbui sana. Malale, ugonjwa wanaoueneza, bado yapo maeneo ya Urambo na Kaliua. Ukipata homa wiki chache baadaye, au uvimbe wenye maumivu pale ulipoumwa, mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na mbung'o. Usipomwambia atatibu malaria na kukurudisha nyumbani.

Mgeni_Tbr

Asante kaka. Sasa kwa Gombe, treni ikinishusha Kigoma asubuhi naweza kuwahi boti siku hiyo hiyo?

Mwambao29

Usipange hivyo. Treni ikichelewa saa chache umeikosa boti na kibali chako kinaanza kuhesabiwa bure kama ulishakilipia kwa tarehe hiyo. Lala Kigoma mjini, asubuhi maliza malipo, nunua maji na mkate, saa 5 uwe Kibirizi, ni kilomita chache tu kaskazini ya mjini. Kaa katikati ya boti kuelekea nyuma, mbele ndiko kunakodunda. Na ukikaribia Gombe zima roming, maana simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo, Burundi au Kongo, na bando likayeyuka.

Mgeni_Tbr

Na mwenye siku moja tu?

FundiPlagi

Akodi. Aondoke Kibirizi saa 11 na nusu alfajiri, awe Kasekela saa 1 na kidogo. Maelezo na muongozaji, saa 2 yuko msituni. Aamue mapema: sokwe au Jane's Peak, vyote viwili ndani ya siku moja ni kujitesa. Kakombe inaingia kwenye ratiba yoyote kwa sababu iko jirani. Saa 8 awe ameshashuka, saa 9 boti inaondoka, ili hata mawimbi yakiwa mabaya aingie Kibirizi na mwanga.

Na mkusanye watu kwanza. Boti ni bei ile ile mkiwa wawili au sita, muongozaji vilevile. Mkifika saba hesabu inavunjika, mnakuwa makundi mawili na waongozaji wawili.